Sura ya 7: Saa za Kufunga Hupunguzwa Kabla ya Kufunga

Watu wa Kolwezi wanaofanya kazi na migodi, wawe makarani, madereva wa malori au wafanyabiashara wanaouzia kampuni vipuri, wana swali moja wasilochoka kuliuliza. Simu yangu, wanasema, inajisasisha yenyewe usiku nikiwa nimelala, asubuhi naikuta tayari. Inakuwaje kampuni kubwa, yenye mafundi na kompyuta za bei mbaya, itutangazie kwamba sistemu imefungwa tangu Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi?

Wana haki ya kuuliza, maana gharama inawaangukia wao. Dereva aliyetoka Dar es Salaam kuja kuchukua shaba analala kwenye maegesho siku mbili zaidi, akila posho aliyopewa kwa ajili ya njiani. Mwenye duka la mabomba aliyeleta mzigo Ijumaa hapokelewi, na asipopokelewa, siku za ankara yake hazianzi kuhesabiwa. Fundi wa mtambo anaiona beringi anayoihitaji, ipo rafuni mbele ya macho yake, lakini hakuna wa kuidhinisha itoke.

Jibu fupi ni kwamba simu ina mwenyewe mmoja, na ikisita dakika kumi hakuna mwingine anayeumia. Hifadhidata ya kampuni ina mamia ya watu wanaoandika kwa wakati mmoja, na kila tarakimu imefungamana na nyingine. Shaba iliyopungua ghalani ndiyo iliyopakiwa kwenye lori, ndiyo iliyoandikwa katika karatasi za forodha, na ndiyo itakayolipiwa mrabaha. Huwezi kubadilisha nusu ya mnyororo huo huku watu wakiendelea kuandika kwenye nusu nyingine.

Jibu refu ni sura hii, na hoja yake ni moja. Saa za kufunga hazipunguzwi na mafundi kukimbizana usiku wa kazi. Hupunguzwa wiki na miezi kabla, kwa kuitoa kazi ndani ya usiku ule na kuifanya mfumo ukiwa bado wazi.

Kinachofungwa na kisichofungwa

Hifadhidata ni mkusanyiko wa kumbukumbu zilizopangwa katika majedwali: jedwali la wafanyakazi, la vipuri, la ankara, la mizigo iliyopimwa. Kila jedwali lina mistari, na kila mstari ni tukio moja. Programu ya hifadhidata, kama Oracle au HANA, ndiyo inayoyatunza majedwali. Juu yake hukaa programu ya biashara, kama SAP, ambayo ndiyo karani anayoiona kwenye skrini. Kupandisha toleo ni kuondoa programu ya zamani na kuweka mpya bila kupoteza hata mstari mmoja.

Chukua Kingamyambo. Hapo pembezoni mwa Kolwezi, na katika bonde la mto Musonoi, yalilundikana kwa miongo mabaki ya tope kutoka kiwanda cha kuchambua madini cha enzi za kampuni za Union Minière na Gécamines. Ni zaidi ya tani milioni 100, zikiwa bado na shaba ya kama asilimia moja na nusu, pamoja na kobalti. Siku hizi Metalkol, kampuni ya kundi la Eurasian Resources Group, inalichimba tope hilo upya kwa maji yenye shinikizo kubwa na kulipeleka kiwandani, ambako hutolewa mabamba ya shaba, pamoja na kobalti. Mtambo wa namna hiyo huenda usiku na mchana. Pampu ikisimama, tope linatuama na kuziba mabomba.

Hapa wengi huchanganya mambo. Kompyuta zinazoongoza pampu na matangi ya mtambo kwa kawaida ziko katika mfumo wake, mbali na hifadhidata ya biashara. Mfumo wa biashara ukifungwa, pampu inaendelea kusukuma na shaba inaendelea kujijenga juu ya mabamba. Kinachosimama ni maandishi, na bila maandishi hakuna kinachotoka getini.

Tazama lori moja. Linapimwa tupu, linapakiwa mafungu ya mabamba, linapimwa tena likiwa na mzigo wa tani thelathini hivi. Inaandikwa namba ya kila fungu, uzito wake, sampuli iliyopimwa maabara, namba za lakiri, namba ya gari na jina la dereva. Kisha kuna cheti cha CEEC, ofisi ya serikali inayothibitisha ubora na thamani ya madini, na tamko kwa DGDA, yaani forodha. Lori moja linaacha makumi ya mistari katika majedwali mengi. Mstari mmoja ukikosekana, lori litajulikana kuwa na kasoro Kasumbalesa, mpakani na Zambia, siku dereva ameshaendesha kilomita karibu mia nne.

*Kwa ufupi: mfumo wa biashara ukifungwa, mtambo hausimami. Husimama vipuri, mapokezi ya mizigo, malipo na karatasi za kusafirishia.*

Kwa nini wasiuache mfumo ulivyo?

Wapo wanaosema: kama unafanya kazi, msiuguse. Tatizo ni kwamba programu ina muda wa kuhudumiwa. SAP, kampuni ya Kijerumani iliyoanzishwa mwaka 1972, ilitangaza Februari 2020 kwamba matengenezo ya kawaida ya mfumo wake wa zamani yataendelea hadi mwisho wa mwaka 2027, na anayetaka zaidi atalipa nyongeza hadi mwisho wa mwaka 2030. Mfumo mpya, S/4HANA, uko sokoni tangu mwaka 2015.

Huduma ikikoma, tundu la usalama likigunduliwa halizibwi. Sheria ya kodi ikibadilika, hakuna marekebisho yanayoletwa. Na kadiri kampuni inavyochelewa ndivyo majedwali yanavyozidi kunenepa, na muda wa kufunga utakaohitajika mwakani unakuwa mrefu kuliko wa mwaka huu. Kuahirisha nako kuna bei, ila inakuja baadaye.

Saa zinakwenda wapi?

Watu hudhani saa nyingi huliwa na kuweka programu mpya. Sehemu hiyo ni ndogo. Ukizigawa saa za kufungwa utakuta mafungu matano:

1. Kuwatoa watumiaji, kusimamisha kazi zinazojiendesha zenyewe na kuhakikisha hakuna muamala uliobaki njiani.
2. Kuchukua nakala ya akiba, yaani nakala kamili ya data ambayo mtarudi kwayo mambo yakiharibika.
3. Kubadili umbo la majedwali, pale toleo jipya linapotaka mistari iandikwe kwa namna nyingine.
4. Kujenga upya faharasa, yaani orodha za ndani zinazoiwezesha programu kuupata mstari bila kulipekua jedwali zima.
5. Kuhakiki: hesabu zinalingana? Mizani inasoma? Hundi za mishahara zinatoka?

Fungu la tatu na la nne ndiyo yenye njaa kubwa. Tuseme, kwa mfano tu, jedwali la mienendo ya ghala lina mistari milioni 400, na mashine inaweza kubadili mistari 10,000 kwa sekunde. Gawanya: ni sekunde 40,000, yaani zaidi ya saa kumi na moja kwa jedwali moja. Sasa swali linageuka. Badala ya kuuliza mashine iende kasi gani, uliza: ni lazima mistari yote milioni 400 iwemo? Ni lazima ibadilishwe usiku ule? Ni lazima ipite mlango mmoja? Kila moja ya njia zinazofuata ni jibu la mojawapo ya maswali hayo.

Njia ya kwanza: punguza mzigo

Fikiria mama mwenye depo la unga sokoni Manika anayehamia jengo la jirani. Akiwa na akili hangoji siku ya kuhama ndipo abebe kila kitu. Magunia matupu na mizani mbovu anavitoa mwezi mmoja kabla. Mzigo wa akiba usiouzwa wiki hii anauhamisha taratibu huku akiendelea kuuza. Rafu za depo jipya zinapigiliwa wateja wakiwa bado wanapanga foleni kwenye lile la zamani. Siku yenyewe anafunga mlango kwa saa moja, anahamisha magunia ya mbele, sanduku la pesa na kibao cha jina.

Katika hifadhidata, magunia matupu ni mengi kuliko watu wanavyodhani: kumbukumbu za nani aliingia na kutoka miaka sita iliyopita, nyaraka zilizokwisha kuchapishwa, barua za ndani, majedwali ya muda ambayo fundi fulani aliyatengeneza kwa jaribio akayasahau. Vitu hivyo hufutwa, baada ya mwenye idara kukubali kwa maandishi.

Ankara na miamala ya miaka iliyopita ni jambo lingine. Kongo imo katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zinazotumia sheria za biashara za pamoja, tangu mwaka 2012, na kanuni za uhasibu za jumuiya hiyo zinataka vitabu na vielelezo vihifadhiwe miaka kumi. Kwa hiyo havifutwi, bali huhamishiwa kwenye kumbukumbu ya kudumu, mahali pa pembeni panaposomeka lakini hapaandikwi tena. Mkaguzi akija ataviona, na usiku wa kazi hakuna atakayevibeba.

Usafi huu hauna sifa. Hakuna mkurugenzi anayepigiwa makofi kwa kufuta kumbukumbu za mwaka 2017. Lakini jedwali la mistari milioni 400 likishuka hadi milioni 150, zile saa kumi na moja zinakuwa nne na dakika chache, kabla hujanunua hata diski moja.

Njia ya pili: jenga pembeni mfumo ukiwa wazi

Rafu za depo jipya hupigiliwa la zamani likiwa wazi, na programu kubwa zimejifunza kufanya hivyo. Chombo cha SAP kiitwacho Software Update Manager hujenga mfumo kivuli: nakala ya programu, si ya biashara yote, inayokaa kando ya mfumo halisi. Toleo jipya huwekwa humo na kufanyiwa marekebisho kwa siku kadhaa, huku makarani wakiendelea na kazi na wala hawajui kinachoendelea. Wakati wa kufunga ukifika, kinachobaki ni kubadilishana nafasi na kushughulikia majedwali yaliyoguswa na mabadiliko.

Kuna pia kazi zinazoweza kusogezwa upande wa pili, baada ya kufungua. Faharasa ambayo hutumika na ripoti ya mwisho wa mwaka peke yake haina haja ya kujengwa Jumapili saa nane usiku. Historia ya zamani inaweza kubadilishwa umbo polepole wiki inayofuata, mradi programu inajua kusoma maumbo yote mawili. Kila kazi katika orodha iulizwe swali moja: lori la kwanza la Jumatatu litakuhitaji? Kama halitahitaji, kazi hiyo ingoje.

Njia ya tatu: mikono mingi, lakini kwa mpangilio

Kompyuta inaweza kugawa kazi kwa wafanyakazi wake wa ndani, kila mmoja akibadili jedwali lake. Mafundi wasio na uzoefu huongeza idadi hiyo hadi mashine inapiga kelele, halafu wanashangaa saa hazipungui. Kuna sababu tatu.

Ya kwanza ni jedwali kubwa. Majedwali mia yakimalizika kwa saa mbili na moja likachukua saa tisa, mfumo utafunguliwa baada ya saa tisa. Dawa yake ni kulianza jedwali kubwa kabla ya mengine yote, na kulikata vipande vinavyobadilishwa sambamba.

Ya pili ni diski. Wafanyakazi thelathini wanaosoma na kuandika kwenye diski moja iliyochoka wanasubiriana. Kampuni nyingi hukodi au kuazima diski za kasi na kumbukumbu ya ziada kwa wiki ile moja tu. Gharama yake, ukiilinganisha na siku moja ya malori kusimama, ni ndogo.

Ya tatu ni kazi zisizogawanyika. Tuseme jumla ni saa 30: saa 24 za kazi inayogawanyika na saa 6 za kazi ambayo lazima iende hatua kwa hatua. Ukiweka mikono minane, zile 24 zinakuwa 3 na jumla inakuwa 9. Ukiweka kumi na sita, jumla ni saa 7 na nusu. Umezidisha mikono mara mbili ukaokoa saa moja na nusu. Kuanzia hapo, pesa iende kwenye zile saa 6: nani anasubiri nani, idhini ipi inatolewa na mtu aliyelala, nakala ya akiba ipi inaweza kuchukuliwa kwa njia nyepesi.

Hiyo nakala ya akiba ni mfano mzuri. Kunakili terabaiti kadhaa huchukua saa. Hifadhi za kisasa zinaweza kupiga picha ya diski, yaani kuweka alama ya hali ilivyo kwa sasa na kuandika kila badiliko jipya mahali pengine. Alama hiyo huwekwa kwa dakika chache. Nakala kamili ya kwenda kuhifadhiwa mbali inaweza kuchukuliwa siku moja kabla.

Njia ya nne: hifadhidata pacha

Kampuni isiyoweza kufunga zaidi ya nusu saa ina njia moja zaidi, nayo ni ya gharama. Nakala kamili ya hifadhidata inatengenezwa kwenye seva nyingine na kupandishwa toleo bila haraka. Wakati huo mfumo wa zamani unaandika kila badiliko katika kumbukumbu maalumu, na mabadiliko hayo yanatiririshwa kwenda kwa pacha. Pacha akishamfikia mwenzake, tofauti yao ikiwa sekunde chache, watu wanazuiwa kuandika, mabadiliko ya mwisho yanapita, na watumiaji wanaelekezwa upande mpya. Oracle na PostgreSQL zote zina zana za kufanya hivyo.

Masharti yake ni mazito. Unahitaji seva na diski mara mbili. Toleo jipya likiwa limebadilisha umbo la majedwali, kila badiliko linalotiririka lazima litafsiriwe njiani. Na pacha akikaa mji mwingine, njia ya intaneti kati yao lazima ihimili kasi ya maandishi ya mchana kutwa, la sivyo pacha atabaki nyuma siku zote. Kwa kampuni nyingi za mkoa wa Lualaba, njia tatu za kwanza zikifanywa vizuri zinatosha kuubadilisha mwisho wa wiki mzima kuwa usiku mmoja.

*Kwa ufupi: beba kidogo, jenga mapema, gawa kazi ukianza na kubwa, na ukilazimika tengeneza pacha.*

Mazoezi: somo la benki ya TSB

Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza iliwahamishia wateja wake zaidi ya milioni tano kwenye mfumo mpya kwa mwisho wa wiki mmoja. Data yenyewe ilihama salama. Mlango ulipofunguliwa mfumo mpya ulielemewa, na wateja hadi milioni 1.9 walishindwa kufikia akaunti zao. Kazi haikurudi katika hali ya kawaida mpaka Desemba. Mkurugenzi mkuu aliondoka mwezi Septemba mwaka huohuo, na Desemba 2022 wasimamizi wa mabenki waliitoza TSB faini ya pauni milioni 48.65. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba kati ya vituo viwili vya kompyuta, majaribio ya kubeba uzito yalifanyika kwenye kimoja tu.

Kwa hiyo mazoezi si kuthibitisha kwamba programu mpya inawaka. Mazoezi yafanyike kwenye nakala yenye ukubwa uleule wa data halisi, kwenye mashine zilezile au zinazolingana, na watu walewale watakaokuwa kazini. Kila hatua iandikwe: ilianza saa ngapi, iliisha saa ngapi, nani aliitekeleza. Zoezi la kwanza hufichua makosa. La pili huonyesha saa zinapoliwa. La tatu hukupa ratiba unayoweza kuitangaza bila kuona haya. Na kabla ya kufungua mlango, wapeleke makarani wa mizani, wa ghala na wa mishahara wote kwa pamoja wabonyeze kwa nguvu za Jumatatu asubuhi.

Saa ya kurudi nyuma

Kila ratiba inahitaji saa moja iliyoandikwa kwa wino mwekundu: saa ambayo, ikiwa kazi haijafika hatua fulani, mnaacha na kurudi kwenye mfumo wa zamani. Saa hiyo huhesabiwa kutoka mwisho. Mathalani, zamu ya Jumatatu inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Mazoezi yameonyesha kuwa kurudisha mfumo wa zamani huchukua saa tano, kuuhakiki saa mbili, na mmeweka saa moja ya tahadhari. Jumla ni saa nane. Basi saa ya uamuzi ni saa nne usiku wa Jumapili. Saa tano ikifika mkiwa bado mnasema "tunakaribia", Jumatatu mmeshaipoteza.

Wengi hawaoni kwamba kurudi haraka huongeza muda wa kwenda. Picha ya diski ikiweza kurudisha hali ya zamani kwa nusu saa badala ya saa tano, saa ya uamuzi inasogea mpaka saa nane na nusu za usiku, na mafundi wamepata saa nne na nusu za kazi bila kufunga mapema zaidi.

Jina la mwenye uamuzi liandikwe pia, mtu mmoja. Asiwe fundi aliyekesha usiku wa pili, kwa maana aliyechoka huona hatua moja tu mbele.

Kalenda, umeme na saa mbili za Kongo

Mwaka 1999 kampuni ya chokoleti ya Hershey, Marekani, iliwasha mifumo yake mipya mwezi Julai, wakati oda za sikukuu ya Halloween zilikuwa zinaanza kuingia. Mifumo ilisumbua, na oda za peremende za dola kama milioni 100 hazikufika madukani kwa wakati ilhali mzigo ulikuwapo maghalani. Tarehe mbaya huharibu kazi nzuri. Huku kwetu, tarehe za kukwepa ni mwisho wa mwezi, wakati wa kufunga hesabu na kulipa mishahara, na wiki za makadirio ya kodi.

Epuka pia kilele cha masika ukiweza. Umeme wa Kolwezi hutoka kwenye mabwawa ya mto Lualaba, yaani Nzilo na Nseke, na pia Inga, kwa laini ya kama kilomita 1,700 inayoishia hapa. Laini ndefu na radi hazielewani. Kabla ya usiku wa kazi, betri za akiba na jenereta zijaribiwe zikiwa zimebeba mzigo halisi wa seva, na dizeli iwe imeshapimwa tangini.

Halafu kuna saa. Kolwezi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Tangazo linalosema "mfumo utafunguliwa saa kumi na mbili" bila kutaja ni saa ya wapi litamleta mhasibu wa Kinshasa saa nzima baada ya karani wa getini. Andika zote mbili.

Kuhusu kutangaza, Safaricom ya Kenya imeacha mfano wa kutazamwa. Aprili 2015 ilihamisha M-Pesa kutoka kwenye seva zilizokuwa Ujerumani kuja Kenya, kazi iliyofanyika mwisho wa wiki. Septemba 2025, ikihamia mtambo mpya wenye uwezo mkubwa zaidi, iliwatangazia wateja mapema kwamba huduma ingefungwa saa nne tu, tangu saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri. Mtu akijua saa ya kufungwa na ya kufunguliwa, anatoa pesa za matibabu jioni. Asipojua, anakwama mlangoni pa hospitali.

Kazi bila kompyuta

Hata usiku mmoja wa kufunga una watu kazini. Fomu za karatasi zenye namba mfululizo zitayarishwe kwa ghala, mizani na kliniki ya mgodi. Vipuri vya dharura vitolewe kwa sahihi za watu wawili, na kila fomu iingizwe kwenye mfumo kabla muamala mpya haujaruhusiwa. Fomu isiyo na namba hupotea, na ikipotea, hesabu ya ghala haitalingana mpaka mwisho wa mwaka. Malori yaliyo tayari yapewe karatasi zote kabla ya kufunga, na wenye malori waambiwe wasilete mengine mpaka saa iliyotajwa.

Maswali saba ya kumuuliza anayeomba kufunga

Ukiwa meneja, mwenye hisa au mjumbe wa chama cha wafanyakazi, huhitaji kujua kuandika programu. Uliza haya:

1. Data ya zamani imepunguzwa kwa kiasi gani tangu mlipoanza kujiandaa?
2. Kazi zipi zimetolewa nje ya saa za kufunga, na kwa nini zilizobaki hazikutolewa?
3. Jedwali gani linachukua muda mrefu kuliko yote, na mmelifanyia nini?
4. Mmefanya mazoezi mangapi kwenye nakala kamili, na ratiba ya mwisho ilitimia?
5. Saa ya kurudi nyuma ni ipi, na nani ana neno la mwisho?
6. Mmelijaribu zoezi la kurudi nyuma lenyewe?
7. Madereva, wauzaji na wafanyakazi wameambiwa nini, lini, na kwa saa ya wapi?

Akijibu kwa tarakimu, mpe tarehe. Akijibu kwa "itakuwa sawa", mrudishe akafanye zoezi jingine, hata kama mkandarasi amekwisha kukata tiketi ya ndege. Wiki mbili za kuchelewa zinavumilika. Siku tatu za mgodi usioweza kutoa karatasi hulipwa na dereva, muuzaji na kibarua, watu ambao hawakuulizwa neno wakati tarehe inapangwa.